Mguu Niliomficha Mama

Kwa karibu miaka miwili nilijionyesha kwa mama yangu kuanzia kichwani hadi kifuani tu. Kila Ijumaa asubuhi, siku yangu ya mapumziko, niliegemeza simu kwenye kopo la sukari juu ya meza ya jikoni, nikajitanda khanga, nikapaka wanja na kukaa mbele ya kamera nimenyooka. Mama yuko Tanga, nyumba ile ile ya Ngamiani niliyozaliwa, anaishi na mdogo wangu wa kike. Mimi niko Toronto, Lawrence Heights, kwenye jengo ambalo tangu nihamie tunaambiwa litabomolewa na mpaka leo tumo. Mama anauliza hujambo, nasema sijambo. Anauliza habari za kazi, nasema nzuri. Na chini ya meza mguu wangu wa kushoto umelala juu ya kiti cha pili, umefungwa bendeji mpaka katikati ya muundi, unapwita.

Kidonda kilianza kwa upuuzi. Nafanya kazi jikoni, kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Richmond Hill, na siku moja toroli la sahani chafu liliniparuza juu ya kifundo cha mguu, upande wa nje, pale mfupa unapotokeza. Mwenzangu aliyekuwa analisukuma aliomba radhi, nikamwambia haina neno. Ulikuwa mchubuko wa ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Mimi nimekatwa na chupa, nimerukiwa na mafuta ya bagia utoto mzima, na ngozi yangu siku zote ilijifunga yenyewe bila kuombwa. Nikabandika plasta nikaendelea na masufuria yangu. Wiki tatu baadaye nilipoibandua, mchubuko ulikuwa umekuwa shimo.

Hapo lazima niseme jambo ambalo kwa miaka sita sikumwambia mtu yeyote isipokuwa binti yangu. Nina ugonjwa wa damu. Si ule ambao watu huufikiria haraka, na hiyo ndiyo sababu ya kunyamaza kwangu. Mwili wangu unatengeneza kupita kiasi zile chembe zinazogandisha damu, na tangu mwanzo daktari aliniambia kwamba zikiachwa zijazane zinaweza kuziba mshipa wa kichwani, nikaamka nimepooza upande mmoja au nisiamke kabisa. Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nameza kidonge cha kuzipunguza, dawa inayoitwa haidroksiyurea, kali kiasi cha kukatazwa binti yangu asiishike kwa mkono mtupu. Ilifanya kazi yake vizuri na mimi niliipenda. Lakini jaribu wewe kuwaambia kina mama wa msikitini kwamba una ugonjwa wa damu na utameza dawa kila siku mpaka ufe. Watakupa pole, watanyamaza, na kikombe ulichonywea kitaoshwa mara mbili.

Kwa hiyo nilipoanza kuchechemea, na watu wakajiamulia wenyewe kwamba ni sukari, sikubisha. Kwetu kidonda cha mguuni kisichopona kina jina moja tu. Tena sukari ni ugonjwa wa heshima, hakuna nyumba isiyokuwa nayo, hakuna anayeulizwa aliipata wapi. Daktari wa kawaida alikuwa ameshanipima sukari akaikuta haina shida yoyote, lakini hilo nilikaa nalo. Matokeo yake nikatumikia adhabu ya ugonjwa nisiokuwa nao. Mwaka mzima wa maulidi na harusi nilitazama sahani ya halua ikinipita, mikono ya watu ikiniruka kwa huruma, halafu nikirudi nyumbani nalamba asali jikoni nimesimama, kwa hasira. Mama mmoja alikuwa ananiletea maji ya karela, lile tunda chungu linalosemwa linashusha sukari, kwenye chupa na anasubiri mpaka nimalize mbele yake. Nilimaliza. Mpaka leo nikiona karela sokoni nabadilisha njia.

Nilifanya yote niliyoyajua. Nilikiosha kwa maji ya chumvi, nikakipaka asali, nikakiacha wazi kipate hewa, nikakifunika kisipate vumbi. Daktari alinipa mafuta ya kupaka na vidonge vya kuua vijidudu, nikavimaliza, kidonda kikabaki pale pale na kingo zake nyeupe, kinaniangalia. Maumivu yake sijui niyaelezeje. Nimezaa, nayajua maumivu, lakini yale ya uzazi yana mapumziko katikati. Haya yalinipanda kwenye basi, nikishika chuma kwa mikono miwili, na mwanamke aliyekaa akanitazama buti na kuvuta miguu yake pembeni akidhani nimelewa.

Sasa mtu atauliza, daktari wako wa damu alikuwa wapi? Alikuwa kwenye simu. Kila baada ya miezi mitatu natolewa damu maabara, halafu ananipigia. Ni mtu mwema na simlaumu. Ananiuliza kwa Kiingereza habari yako, namjibu nzuri. Basi. Anasema hesabu za damu zinapendeza, tuendelee hivyo hivyo, tutazungumza tena, anakata.

Kwetu mtu hamwagi shida zake mlangoni. Unaulizwa hujambo, unajibu sijambo hata kama umeletwa umebebwa. Za nyumbani, nzuri. Za watoto, nzuri. Za kazi, nzuri. Baada ya hapo ndipo anayekuuliza anakaa vizuri, anakutazama usoni, na wewe unavuta pumzi na kusema, "Ila..." Na hapo ndipo habari inapoanza. Mimi nilimjibu daktari swali la kwanza kwa adabu nikabaki nasubiri mengine. Hayakuja. Mara nne kwa mwaka nilibaki na simu mkononi na mguu juu ya kiti, habari yangu bado iko kooni.

Mara ya nne binti yangu alinisikia. Ana miaka kumi na tisa, alikuja hapa akiwa wa kubebwa, Kiswahili anakielewa chote lakini akijibu anachanganya. Alikuwa anakula nafaka zake na maziwa. Akasema, "Mama, kwa nini unasema fine na wewe sio fine?"

Nikamwambia hiyo ni adabu. Akaniuliza daktari ameiweka wapi kwenye faili hiyo adabu. Nilimfokea, nikamwambia asinifundishe kusalimiana. Lakini siku nzima nilikuwa namjibu kichwani.

Wakati huo mama alikuwa ameshaanza kuuliza nitakuja lini. Nilikuwa sijamwona uso kwa uso kwa miaka saba. Ana miaka themanini na kitu, hata yeye hajui vizuri hiyo na kitu. Nilimtamani mama yangu kwa namna ambayo mtu wa umri wangu anaona aibu kuisema. Sikutamani mambo makubwa. Nilitamani ile sakafu ya saruji ya ukumbini, ikiwa imetoka kupigwa deki, maji bado hayajakauka, nipite juu yake peku. Hapa miguu yangu ilikuwa inaishi ndani ya soksi mbili na buti, imesahau kama ina vidole. Nilitamani anishike mguu kama alivyokuwa akitushika watoto tukiumia, anautia kwenye beseni la maji ya chumvi ya uvuguvugu, anapuliza kidonda na huku anatutukana kwa upole, mtoto gani huna macho, mtoto gani unakimbia kama unafukuzwa. Tulikuwa tunapona, nina hakika, kwa sababu tulikuwa tunaogopa kurudishwa kwenye lile beseni.

Na mtu huyo ndiye niliyekuwa namdanganya. Daktari wa kawaida alishaniambia kwamba kukaa kwenye ndege saa zote zile, na mguu ulio wazi, na damu kama yangu, si jambo la kuamua peke yangu. Nisingeweza kumwambia mama nitakuja nikipona, kwa kuwa sikuwahi kumwambia naumwa. Nikasema kazini wamenikatalia likizo. Nikasema hivyo mara ya pili. Mara ya tatu alinijibu haya mwanangu, kazi kwanza, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango taratibu asimwamshe mwenye nyumba. Siku ya pili yake mdogo wangu akanitumia ujumbe wa sauti. Alisema mama amekaa tangu jana hasemi na mtu, na aliposema alisema hivi: dada yako ametuchoka.

Niliusikiliza ujumbe ule nikiwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo kazini. Nikausikiliza tena. Nilikuwa tayari mama yangu anifikirie lolote, mchoyo, mvivu, mwenye kiburi cha ulaya, lakini si hilo. Nikaamua huu mguu lazima upone, nipande ndege, nisimame mbele yake mzima, na asijue kamwe.

Nilipelekwa kliniki ya vidonda, karibu na Regent Park. Muuguzi alikuwa mama wa Kifilipino wa makamo, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Fomu nilikuwa nimeijaza mwenyewe. Penye dawa nikaandika presha na vitamini, kwa mazoea tu ya kuficha. Alifungua bendeji akaweka mguu wangu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu.

Hakuwa na haraka. Aliniuliza natoka wapi, nikamwambia. Kuna joto? Kuna joto. Mama yangu yu hai? Yu hai. Akasema wa kwake alifariki yeye akiwa hapa hapa Toronto, zamu ya mchana, hakuwahi kumzika. Aliniuliza nina watoto wangapi, napika nini, nani ananisaidia nyumbani. Mmoja, wali, hakuna. Halafu akaacha kuosha, akanitazama, akasema, na wewe mwenyewe je?

Hapo nikasema ila. Niliisema kwa Kiswahili, ikanitoka, halafu yakafuata mengine yote kwa Kiingereza kibovu. Nikamwambia kinauma mchana kutwa. Akasema hapo ndipo palipomtatiza tangu alipokigusa, maana kwa mguu kama ule alidhania sukari, na kidonda cha sukari mara nyingi hakiumi hivi, sukari huua hisia za mguu kwanza. Akauliza tena dawa ninazotumia, zote, na zile ambazo sikuziandika. Nikamtajia ile ya damu. Akaweka kibanio chini. Akasema amewahi kuona vidonda kama hiki, mahali hapo hapo kwenye kifundo, kwa watu wanaomeza dawa hiyo hiyo kwa miaka, na kwamba mara nyingine ngozi haifungi mpaka dawa iondolewe.

Yeye mwenyewe alimpigia daktari wangu wa damu. Jioni ile daktari akanipigia, na kwa mara ya kwanza hakuniuliza habari yangu. Aliuliza mguu ukoje. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyeumia kidogo, kwa nini mwaka mzima sikumwambia. Ningemweleza vipi? Nilisema samahani. Akasema tuiache dawa ile, aniwekee nyingine, ya sindano, na nisitegemee miujiza, mguu utachukua miezi.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake niliogopa kuliko wakati wowote. Kidonge kile ndicho kilichokuwa kinalinda kichwa changu, na sasa nakiacha ili niokoe mguu, na hiyo sindano mpya hatujui itanikubali au la. Kila asubuhi nilisimama mbele ya kioo nikitabasamu pande zote mbili kuhakikisha mdomo haujapinda. Binti yangu akadhani najipenda.

Sindano ikanikubali, taratibu. Kidonda nacho kikaanza kujikunja. Kila wiki muuguzi alikipima kwa rula ya karatasi na kunionyesha, na mimi nikatoka pale nikichechemea kwa furaha mpaka kituo cha basi. Kilikuwa kama jicho la ng'ombe, kikawa kama kifungo cha koti, kikawa kama cha shati. Nikahesabu. Nikajiambia miezi mitatu zaidi, halafu Tanga.

Ijumaa moja mwezi uliopita nikapiga simu kama kawaida. Siku hiyo sikujipamba, nilikuwa nimechelewa kuamka, nimevaa sweta la kijivu la binti yangu. Nikamwamkia mama, akaitikia. Za nyumbani, nzuri. Za mjukuu, nzuri. Akaniuliza utakuja lini, bila matumaini, ili mazungumzo yasikatike tu. Nikafungua mdomo kusema kazi. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, ananitazama.

"Mama," nikasema, "nzuri. Ila mguu unaniuma. Unaniuma mwaka wa pili sasa. Sijakataliwa likizo hata siku moja."

Akasema, "Mguu gani?"

Nikamweleza yote, toroli, dawa, damu, hata halua. Sikumficha neno ugonjwa wa damu, na yeye hakulirukia. Nilikuwa nalia na naongea. Nikasema ngoja nikuonyeshe, si kikubwa tena, nikatoa simu kwenye kopo la sukari na kuiinamisha chini ya meza kumwelekezea mguu, huku mkono mwingine ukitafuta ncha ya bendeji ili niifungue.

"Nimekiona," akasema mama. "Kidogo tu. Kimeshakauka, mwanangu, usilie."

Bendeji ilikuwa haijafunguliwa. Ilikuwa imezunguka mguu wote, nyeupe, mpaka katikati ya muundi. Niliitazama na simu bado imeinama. Nikairudisha taratibu mbele ya uso wangu. Mama alikuwa ananitabasamia, na macho yake yalikuwa yametua pembeni kidogo ya mimi, kama ilivyokuwa kila Ijumaa, na kila Ijumaa nilikuwa nalaumu simu ya mdogo wangu.

"Mama, leo nimevaa nguo gani?"

Nilisikia feni yao inazunguka. Nilisikia mdogo wangu anaacha kuosha vyombo.

"Khanga," akasema mama. "Ile uliyoivaa Ijumaa iliyopita."

Mdogo wangu akaichukua simu akatoka nayo uani, nikaona anga, nikaona kamba ya nguo, nikaona pua yake. Alilia kabla hajasema. Presha ya macho, akasema. Ilianza jicho la kulia, na la kushoto likafuata tangu Mfungo Mosi, baada tu ya Ramadhani ya mwaka jana, na madaktari wamesema kilichokwenda hakirudi. Mama ndiye aliyewakataza wasiniambie, kwamba niko peke yangu ugenini, nisitiwe wasiwasi. Kwa hiyo kila Ijumaa kabla sijapiga walikuwa wanamkalisha kwenye kiti, wanamwelekeza uso ulipo mwanga, na mdogo wangu anakaa pembeni anamnong'oneza: dada amejitanda, dada amepaka wanja, dada amenawiri. Leo alikuwa jikoni.

Nilimkasirikia. Nilimkasirikia kweli, nikataka kumtukana, na maneno yote niliyoyashika yalikuwa yananihusu mimi. Nikamwomba amrudishie mama simu.

Nilikuwa nataka anione. Hilo ndilo nililolitaka siku zote zile nikipima kwa rula, si kupona tu, nilitaka kupona anione, na kumbe kwa zaidi ya mwaka nilikuwa najipaka wanja kwa ajili ya feni. Nilimwambia hivyo, kwa sauti. Akaniambia nisiseme mambo hayo. Akataka nimweleze kidonda kilivyo, na mimi nikakifungua sasa, nikamweleza. Kingo zake rangi gani? Za waridi, mama. Kina maji? Hakina. Kinanuka? Hapana. Kikubwa kiasi gani? Kama punje ya kunde. Akasema kunde nyekundu au nyeupe, nikamwambia mama, kunde ni kunde.

Nikamwambia muuguzi amesema labda miezi mitatu. Kikifunga tu, siku hiyo hiyo naomba ruhusa kwa daktari, nasafiri, nafika kwako mzima kabisa.

"Miezi mitatu ni mingi, mwanangu," akasema. "Muulize sasa huyo daktari wako, umweleze yote, wakufunge vizuri, uje nacho. Mimi kwanza sitakiona."

Akacheka. Binti yangu alikuja akanishika bega, na mimi nikabaki nimeishika simu kwa mikono miwili.